Kizingiti Tulichokichapa

Chumba cha wageni kwangu kinanuka kafuri tangu wiki iliyopita. Ni ile dawa ya kuchua iliyochanganywa na mafuta ya karafuu, inayouzwa kwenye vichupa vya kahawia, ambayo ukimpaka mtu mmoja majirani wote wanajua ndani mna mgonjwa. Anayepakwa ni mama yangu. Alikuja kutoka Mbagala akae nami kidogo, na siku ya pili tu akateleza bafuni, kwenye marumaru nyeupe zinazong'aa ambazo mwenye nyumba alizisifia sana siku nilipokuja kuipanga fleti hii ya Mchafukoge. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Bega limevilia damu na mkono wa kulia haufiki kichwani. Nilimkuta ameketi chini, kanga imelowa, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa kwamba anaumia. Alisema, "Nisamehe mwanangu, nimekupa kazi."

Nilikasirika papo hapo, ila sikujua haraka nimemkasirikia nani. Waliokuja kumjulia hali ndio walionisaidia kujua. Jirani wa mlango wa pili alikaa kitandani kwake, akamshika mkono akamwambia, "Ndiyo uzee huo, mama yangu, punguza mihangaiko." Mdogo wangu akapiga simu kutoka Dodoma: "Mama naye, alikuwa anahangaika nini bafuni?" Kana kwamba watu wazima huenda bafuni kutalii. Hakuna hata mmoja aliyezitaja marumaru. Na mama yangu alikuwa akiitikia tu, ni kweli, ni kweli, kwa aibu ya mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

Ile "nisamehe" nilishawahi kuisikia, ndani ya harufu hii hii ya kafuri na karafuu, nikiwa darasa la pili. Wenzangu wa rika langu mliokulia Kariakoo mtanielewa, maana nina hakika na kwenu kulikuwa na kizingiti.

Nyumba ya babu ilikuwa upande wa kuelekea Gerezani, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Uani ndiko kulikuwa na maisha: bomba, majiko ya mkaa, kamba za nguo, kuku wawili watatu wasio na adabu, na kule pembeni bafu na choo chini ya bati moja. Sakafu ya bafu ilikuwa imeinuliwa, kwa hiyo mlangoni palijengwa kizingiti kinene cha sementi cha kupandia na kushukia. Kizingiti hicho kilimeguka upande mmoja, upande wa kulia ukiwa unatoka. Palibaki meno ya kokoto na shimo linaloenea mguu wa mtoto, na maji ya kuoga yalikuwa yakituama mle, yakiota ukungu wa kijani.

Mchana kutwa tulikuwa tukisikia nyundo za Gerezani zikigonga mabati. Ukitoka mlango wa mbele na kutembea kidogo tu, ulikuta maduka ya misumari, ya nondo, ya rangi na ya sementi yamepangana mpaka macho yachoke. Watu walikuwa wakitoka mikoani na malori kuja kununua kwetu vitu vya kujengea nyumba zao. Sisi, tuliokaa katikati ya yote hayo, tulikuwa na shimo mlangoni mwa bafu na tukaliacha hapo kama vile limeandikwa na Mungu.

Watoto wote wa nyumba ile tuliangukia pale. Mimi nilikuwa nikikimbizana na Neema, binti wa mpangaji wetu, nikajikwaa na kukipiga kidevu kwenye zile kokoto. Nakumbuka ladha ya damu na ya sabuni ya mche. Nakumbuka Mama Neema akija mbio na unga wa vitumbua mikononi, na unga wa kahawa ukibandikwa kidevuni ili damu ikatike. Mpaka leo nina kovu pale, na nikiinua uso kwenye kioo nauona utoto wangu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Bibi, mama yake baba. Alinipakata, akaniuliza kwa sauti ya kesi, "Nani kakuangusha, mke mwenzangu?" Hivyo ndivyo alivyoniita, mke mwenzangu, kwa sababu mjukuu wa kike ni mke wa babu hata kama babu mwenyewe amelala makaburini. Nikakionyesha kizingiti kwa kidole. "Huyu? Huyu ndiye aliyemwangusha mke mwenzangu?" Akauchukua mwiko wa ugali, akakichapa kizingiti, pa, pa, pa, huku akikisuta: "Huna haya wewe. Mtoto wa watu kakukosea nini?" Nikanyamaza kulia. Neema akaomba na yeye apige. Tulikichapa mpaka tukacheka.

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu, na najua ilikuwa dawa ya kila nyumba. Mtoto akianguka, sakafu inapigwa. Siku nyingine ilikuwa Neema, siku nyingine mtoto wa jirani aliyekuja kuchota maji, na kila mara kulikuwa na mtu mzima wa kukiadhibu kizingiti kwa mwiko, kwa kandambili, kwa ufagio. Sijui kama kuna kizingiti kilichochapwa Dar es Salaam nzima kama kile, na hakuna aliyewahi kukiwekea hata konzi moja ya sementi.

Haikuwa bafuni tu. Mtaa wa pili kulikuwa na mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto, kwa kuwa jiko liliwekwa ukumbini, njiani kabisa, wanakopita watoto wakikimbizana. Akapakwa dawa ya meno. Kulikuwa na mwingine aliyekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, kwa kuwa mafuta yalitiwa kwenye chupa ya soda, na chupa ikawekwa pale pale zinapowekwa soda za wageni. Akanyweshwa maziwa. Na watu wazima wakakaa barazani wakatikisa vichwa wakasema ajali haina kinga. Kama kuna msemo mmoja wa kwetu ambao ningeuzika kwa mikono yangu, basi ni huo. Radi labda haina kinga. Chupa ya mafuta ya taa kinga yake ni rafu ya juu, na jiko la uji kinga yake ni kulisogeza.

Sasa mtaniuliza kwa nini kizingiti hakikuzibwa. Nilikuwa mtoto, sikuuliza. Nilidhani vizingiti vyote vina meno. Nilipokua ndipo nilipoelewa, na tangu nilipoelewa sijatulia.

Babu alifariki kabla sijazaliwa. Aliacha nyumba na watoto watatu: Baba mkubwa, aliyekuwa na duka la vitambaa na nyumba yake Magomeni, Shangazi, aliyeolewa Temeke, na baba yangu, muuza vipuri Gerezani, aliyebaki pale pale na mkewe, mtoto wake mmoja wa wakati ule na mama yake mzazi. Nyumba haikugawanywa. Kila mara alikuwepo mnunuzi anayekuja kukipima kiwanja kwa macho, na kila mara ndugu walikuwa karibu kukubaliana. Kwa hiyo ikawepo sheria ambayo hakuna aliyeitangaza na wote waliifuata: asiguse mtu. Anayepaka chokaa anajimilikisha. Anayebadilisha bati anataka kesho aseme nyumba kaikarabati yeye, fungu lake liongezwe. Ndugu watatu walikaa wakitazamana kwa macho ya pembeni, na nyumba ikaendelea kubomoka katikati yao. Mama Neema, mpangaji tu, mwanamke wa Songea anayeishi kwa vitumbua vyake, alimwambia baba yangu, "Baba, kaka yangu ni fundi. Aje apige sementi kidogo pale bafuni?" Baba akamjibu kwa upole wake uliokuwa ukiniudhi hata wakati ule, "Subiri kwanza, Mama Neema, niongee na kaka." Yule mama akasubiri. Na Baba mkubwa ndiye aliyekuwa bingwa wa kutuambia sisi watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Bibi alianguka mchana, jua likiwaka, adhana ya Alasiri ikikaribia. Alikuwa ametoka kutawadha. Na hapa lazima niwaeleze jambo moja, kwa kuwa watu walilisema vibaya. Bibi alishika adabu za zamani: chooni na bafuni unaingia kwa mguu wa kushoto, unatoka kwa mguu wa kulia. Sisi wengine tulishazoea kutoka kwa kushoto ili kulikwepa shimo, tukimwachia Mungu atuelewe. Bibi hakukubali. Alikuwa akisimama mlangoni, akilipapasa lile shimo kwa kidole gumba, akitafuta palipo pazima, ndipo auweke mguu wake wa kulia. Aliijua hitilafu ile kuliko sisi sote, na aliishi nayo. Siku hiyo nyayo zilikuwa na maji, ukungu ulikuwa mwingi, na kidole hakikushika.

Nilisikia kopo likibiringika kwenye sementi, likabiringika muda mrefu. Kisha nikamsikia Bibi akisema polepole, "La ilaha illallah." Mama na Mama Neema walimbeba kwenye kanga hadi chumbani. Mguu wake mmoja ulikuwa umegeukia nje, na hakuutazama.

Wakaja watu. Chumba kikajaa kafuri na karafuu. Na mimi nikakaa mlangoni kusubiri kile nilichojua lazima kitafuata: mtu achukue mwiko aende uani akakichape kizingiti. Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja wa mtaani alisema kwa kunong'ona kwamba chooni pale pana mwenyewe, na kwa nini iwe Alhamisi? Ukachomwa ubani, likaja kombe, maji yaliyooshewa aya, Bibi akanywa. Shangazi akafika kutoka Temeke, akalia vizuri tu, akafuta machozi, kisha akasema, "Mama naye mkaidi. Si tulimwambia asiende peke yake?" Baba mkubwa akasema ni uzee, na ajali haina kinga. Nilipoanguka mimi, kosa lilikuwa la kizingiti. Alipoanguka Bibi kosa likawa la Bibi, la umri wake, la ukaidi wake, la jini na la Alhamisi, na kizingiti kikabaki kule uani hakina kesi.

Akili yangu ya mtoto ikatafuta jibu lake. Nikakumbuka kwamba kati ya wote waliokichapa, Bibi ndiye aliyekichapa zaidi. Nikaelewa yote: kizingiti kimelipiza kisasi. Kilikuwa kikihesabu fimbo zake kimya kimya, kikamsubiri. Na mtu wa pili kwa kukichapa nilikuwa mimi.

Basi nikaanza kukiheshimu. Kila nilipokwenda kuoga nilisimama mbele yake, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo kizingiti," ndipo nikapita kwa tahadhari. Dirisha la chumba cha Bibi lilikuwa linatazama uani, na mimi sikulifikiria. Asubuhi moja nikatoa shikamoo yangu, na sauti nzito ikanijibu, "Marahaba." Nilikimbia mpaka barabarani nikiwa na taulo tu. Waliponirudisha, Bibi alikuwa akicheka kitandani, akishika nyonga kwa maumivu na bado akicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu aanguke.

Nilipomweleza hofu yangu hakunicheka tena. Alinivuta karibu. "Kizingiti hakina kinyongo, mke mwenzangu," akasema. "Ni jiwe tu. Wenye kinyongo nimewazaa mimi."

Hospitali walisema mfupa wa nyonga umepata ufa, haukuachana. Alale kwanza, kisha taratibu asimamishwe, ajifunze tena kutembea kwa mkongojo. Kwa hiyo kulikuwa na matumaini, na matumaini ya Bibi yalikuwa madogo na yanayoeleweka. Hakutaka kwenda sokoni wala harusini. Alitaka kwenda bafuni kwa miguu yake. Mwanamke yule ambaye hata mtoto wake hakuwahi kumwona kichwa wazi alikuwa akijisaidia kwenye beseni nyuma ya pazia, na mkwewe analibeba beseni kupita ukumbini mbele ya wapangaji. Alikuwa akigeuzia uso ukutani mpaka Mama arudi. "Siku nitakapotoka bafuni mwenyewe, kwa mguu wangu wa kulia," alikuwa akimwambia Mama, "nitakupikia pilau, mwanangu, na wewe ukae kitako ule."

Akaanza kusimama. Mama upande huu, Mama Neema upande ule, mkongojo mbele. Akafika mlangoni mwa chumba, akafika ukumbini. Siku alipofika mlango wa uani alisimama akakitazama kizingiti kwa mbali, akasema, "Pale sipawezi."

Mchana ule, Baba akiwa Gerezani, Mama alikwenda kwenye ghorofa lililokuwa likipanda jirani, akaongea na mafundi, akarudi na ndoo ya zege kichwani. Akafunga kanga kiunoni. Akasugua ule ukungu kwa brashi, akamwagia maji, akajaza shimo, akasawazisha kwa mwiko ule ule wa ugali tuliokuwa tukichapia. Mama Neema akimshikia ndoo, mimi nikifukuza kuku. Juu hakupalainisha, alipachora mistari kwa kijiti. Akaniambia, "Pakiuma kidogo mguu unashika." Sijawahi kuona kitu kizuri kama kizingiti kile kikiwa kibichi. Bibi alikuwa dirishani, akitazama, midomo ikicheza kwa dua.

Kama Baba mkubwa angekuja kesho yake, kingekuwa kimeshakauka. Alikuja jioni ile ile, na mtu aliyetaka kukiona kiwanja. Wakapita ukumbini hadi uani, Baba mkubwa akieleza vipimo kwa mikono, na macho yake yakaangukia kizingiti.

"Nani kasema pajengwe hapa?"

"Si kujenga, shemeji," Mama akasema. "Nimeziba tu. Mama apate pa kukanyaga."

"Leo umeziba. Kesho mumeo atasema kakarabati nyumba." Sauti yake haikuwa ya ukali hata kidogo, ndiyo maana naikumbuka. "Nawajua nyie mnaokaa humu."

Kisha akaweka kiatu chake juu ya ile sementi mbichi, upande wa kulia, akakididimiza na kukizungusha taratibu kama mtu anayezima sigara. Akakitoa, akakikung'uta kwenye ukuta, akaendelea kumweleza mgeni wake habari za upana wa barabara. Mama alisimama pale na sementi imemkaukia vidoleni. Niliangalia dirishani. Bibi aliona yote.

Nilitegemea Baba akirudi atafanya kitu. Alirudi, akasikia, akaketi kwenye kigoda akavua viatu. "Achana nayo, mke wangu," akasema. "Tusigombane na kaka." Nampenda baba yangu, Mungu amrehemu, lakini neno lile sijalisamehe.

Ijumaa baada ya sala walikaa kikao ukumbini, ndugu watatu, na ajenda ilikuwa kizingiti. Nani alitoa ruhusa. Kwa nini wengine hawakushirikishwa. Shangazi alisema yeye hana ubaya ila utaratibu ufuatwe. Baba alikuwa akitazama mkeka. Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa wazi, hatua chache tu kutoka walipokaa, na hakuna aliyemuuliza kitu mpaka yeye mwenyewe alipoongea.

"Nisameheni wanangu," akasema. "Nimewapa kazi. Ningejua, ningekwenda kuangukia barabarani, pasipo na mwenyewe."

Mimi nikaangua kilio, kwa sababu nilidhani Bibi anaomba msamaha kweli, na sikuelewa amekosa nini. Ilinichukua miaka kujua kwamba lile halikuwa ombi. Lilikuwa kofi, na aliwapiga wote watatu kwa mpigo mmoja bila kuinuka kitandani.

Mama alitaka kuliziba lile tundu la kiatu upya, Bibi akamkataza. "Kiache hivyo hivyo," akasema. "Wanunuzi wakija waone nyayo za mwanangu." Sementi ikakauka na kiatu cha Baba mkubwa ndani yake, kisigino na ncha, na maji yakaanza kutuama pale kama zamani, na kuku wakawa wanakunywa. Bibi hakukanyaga pale tena. Kwanza aliacha kwenda mlango wa uani, kisha akaacha kwenda ukumbini, kisha mkongojo ukawa unatumika kuangikia kanga. Watu wakasema uzee umemzidi. Alifariki nyuma ya pazia lile, na siku ya kumwosha walitumia maji ya bomba la uani, wakipishana kwenye kizingiti wakiambiana, "Angalia hapo, pabovu."

Nyumba iliuzwa mwaka haujaisha. Leo kuna ghorofa refu la maduka ya simu na mabegi, na ukishuka kwenye mwendokasi pale Gerezani unaliona. Nimewahi kusimama chini yake nikijaribu kukisia bafu lilikuwa usawa gani. Mlinzi akaniuliza ninatafuta nini, nikamwambia nimepotea.

Kwa hiyo Mama aliponiambia "nisamehe" akiwa ameketi kwenye maji bafuni kwangu, ndipo hasira iliponishika. Bibi alilisema neno lile kuwakomoa. Mama, aliyebeba zege kichwani kwa ajili ya mama wa mtu mwingine, amelisema kwa kumaanisha. Wamemfundisha mpaka ameamini kwamba akianguka, mwenye kosa ni yeye.

Nilimpigia mwenye nyumba. Nikamwambia marumaru zile zing'olewe bafuni, ziwekwe za kukwaruza, na ukutani ufungwe ubao au bomba la kushikia. Akacheka. "Dada, marumaru zile ni za bei. Mwambie bi mkubwa avae ndala." Nikamwambia basi nitabadilisha mimi. Hapo akaacha kucheka. "Ukigusa sakafu yangu, jiandae kuhama." Nikamwambia sawa, na nikampigia fundi.

Fundi alikuja leo asubuhi. Wakati anapandisha vifaa, nilimshika Mama mkono nikampeleka mpaka mlangoni mwa bafu, nikamwekea kiti. Sijui nini kilinituma. Nilikwenda jikoni nikachukua mwiko, nikapiga magoti kwenye zile marumaru.

"Nani kakuangusha, Mama?"

Akanitazama kama nimepungukiwa. "Wewe, una nini leo?"

"Nani kakuangusha? Huyu?" Nikaichapa sakafu, pa. "Huna haya wewe. Mama wa watu kakukosea nini?" Pa, pa.

Alianza kucheka, akishika bega, akiniambia niache, mgeni ataniona. Kisha kicheko kikamgeuka, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Fundi alikuwa ameshafika mlangoni, tindo mkononi, hajui aingie au arudi.

"Ongeza na ya bibi yako," Mama akasema.

Nikaongeza ya Bibi, kwa nguvu zangu zote, mpaka mwiko ukakatika. Fundi akakohoa kidogo, akauliza aanzie upande gani.

"Anzia hapo hapo alipopiga," Mama akamwambia. "Na ukimaliza usipalainishe sana. Paume kidogo."